Nilivyokunja Jani la Mgomba Madurai

Wengi wenu mmeniuliza India kulikuwaje, na kila mmoja nimempa jibu lake. Akina dada wa kwaya niliwaambia kulikuwa na joto. Mchungaji nilimwambia kuna majengo ya kale. Papa Déo, aliyenipeleka uwanja wa ndege, sikumwambia kitu, kwa sababu alinionya mapema na sikutaka kuuona uso wake ukifurahi. Sasa nimechoka kukumbuka nani nilimdanganya nini. Nimeketi nikaandika yote kwa mpigo. Someni, mcheke mmalize, ili Jumapili tuzungumze habari nyingine.

Northfield

Mnajua nyumba yangu ya Northfield ina watu wawili, mimi na binti yangu Mwende. Mama yake alitutoka Mwende akiwa bado shule ya msingi, na tangu hapo nimekuwa baba, mama na mpishi wa chapati ngumu. Mwende amezaliwa hapa hapa Birmingham. Kiswahili anakielewa chote, lakini hunijibu kwa Kiingereza, isipokuwa akitaka jambo kubwa. Kwa hivyo siku aliponikuta jikoni, nimetoka zamu kule Sutton Coldfield ninakotunza wazee, miguu imevimba, akaniita "Baba" badala ya "Dad", nilizima jiko kabisa.

Alitaka niende Madurai. Huo ni mji wa kale wa Watamil, kusini mwa India, uliojengwa kulizunguka hekalu. Ndiko anakotoka Karthik, kijana anayetaka kumwoa. Karthik alifiwa na wazazi mapema akalelewa na mjomba wake na nyanya yake, ambaye wao humwita Paatti.

"Paatti hawezi kupanda ndege," Mwende akasema. "Magoti yamekataa. Anataka akuone kabla ya harusi. Nenda, please."

"Wao ndio wanaokuja kwetu," nikamwambia.

Hapo sikuwa natania. Kwetu Ukambani watu wa mvulana ndio hufunga safari. Wanakuja kwa kina msichana na mbuzi wa ntheo, na bila mbuzi hao hakuna ndoa, kuna urafiki tu. Tangu uchumba uanze nilikuwa nimesimama imara kwenye jambo hili. Nilikataa hata kuwasalimia kwa video, nikisema wakwe hawajulikani kwenye kioo. Jina la huyo mjomba sikuwahi kuliuliza.

"Dad, hao mbuzi watakuja Northfield na basi gani?"

Swali hilo sikulipenda. Mwende akasema taratibu, "I'll get married anyway. Kiti chako kitakaa tupu pale mbele, and I'll hate it. Lakini nitaolewa."

Mtoto wangu hajui kutisha watu. Akisema jambo ni kwamba ameshalia kwa ajili yake chumbani. Nikaogopa, na mimi nikiogopa huwa mjanja. Nikamwambia nitaenda Madurai, sawa, lakini nitaenda kama mtalii. Nitaangalia hekalu, nitaonja vyakula, nitalala hotelini. Wakwe wakisikia niko mjini na wakaja kunitafuta, watakuwa wamenifuata, na mila itakuwa imetimia. Wasipokuja, nitakuwa nimeona hekalu.

"Okay," akasema. "Tiketi nitakata mimi."

Nilidhani nimeshinda. Papa Déo hakudhani hivyo. Njia nzima ya kwenda uwanja wa ndege alikuwa akipiga usukani kwa kiganja.

"Baba Mwende, sikia. Weye unaenda mpaka ku mlango ya belle-famille, bakwe benyewe, halafu unabakia inje? Hiyo ni akili gani? Franchement!"

"Ni mila, Papa Déo."

"Mila! Mila inalala mu hoteli?"

Nikajifanya natafuta pasipoti.

Dubai

Ukungu ulitukalisha Birmingham mpaka watu wakaanza kujuana majina. Ndege ilipoondoka hatimaye, ile ya kuunganisha Dubai ilikuwa imekwenda zake. Walitupa vocha za chakula, na kwa vocha hiyo nikala wali wa Kiarabu nikajiambia safari ya vyakula imeanza vizuri.

Kisha wakanipandisha ndege nyingine ya Chennai. Mimi walinipandisha, sanduku hawakulipandisha. Nilisimama Chennai mbele ya ule mkanda mweusi nikiangalia begi moja jekundu la mtu likizunguka na kuzunguka, hadi mkanda ukazimwa. Dada wa kaunta alikuwa mpole sana. Aliniahidi litafika kesho, na kesho yake akaniahidi tena.

Kwa hivyo niliingia kusini mwa India, ambako jua la asubuhi linachoma kuliko la Machakos mchana, nikiwa na mali hii: koti la baridi la Birmingham lenye manyoya shingoni, shati moja, na suruali moja. Naomba muikumbuke hiyo suruali.

Treni ya Chennai

Kwenye treni ya kwenda Madurai nilikuta karibu na kiti changu mzee mmoja mwembamba, nywele nyeupe zimechanwa kwa maji, miwani imefungwa kwa uzi. Alisema anaitwa Murugan, mwalimu mstaafu wa jiografia, na kwamba alikuwa Chennai kwa shughuli kidogo. Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka. Kila alichoniambia safari hii aliniambia kwa Kiingereza, ila mimi nawaandikia kwa lugha yetu.

Wachuuzi walikuwa wakipita kila mara na ndoo na birika. Murugan alikuwa akiinua kidole tu, na chakula kinatua mapajani mwangu. Nilikula idli, vile vikate vyeupe vya mchele, laini mno, na vada iliyotobolewa katikati kama mandazi yaliyokosa uamuzi. Kahawa yao humwagwa kutoka kikombe hadi kikombe kwa mbali hadi itoe povu. Nilipojaribu kuimwaga mwenyewe, nusu iliingia kwenye manyoya ya koti langu. Murugan alinipangusa kwa leso.

"Unaenda Madurai kwa nini?" akauliza.

"Utalii," nikajibu. "Utamaduni na vyakula."

"Vizuri. Una watoto?"

Hapo ndipo nilipojimaliza. Ukiniuliza habari za Mwende siwezi kufunga mdomo. Nikamweleza alivyosoma, alivyo na huruma, anavyojua kunyamazisha nyumba nzima kwa kunyanyua nyusi. Nikamweleza anataka kuolewa na kijana wa huko huko Madurai. Murugan akasema, "Ayyo, kweli?" kwa mshangao niliouamini. Basi nikazidi kutiririka. Nikamwambia kijana ni mzuri, lakini watu wake ni wenye shingo ngumu. Tangu uchumba uanze hawajafunga safari hata siku moja. Labda wanajiona. Labda wanadhani msichana wetu aliokotwa.

"Labda," Murugan akasema, akatazama dirishani. Nje kulikuwa na minazi, mashamba ya mpunga, na mawe makubwa ya mlima yaliyosimama peke yake kama yale ya kwetu. "Na wewe umewahi kuwaambia waje?"

"Mtu haitwi kuja kuposa, Mwalimu. Anajua."

"Ah," akasema. Akaniagizia vada nyingine.

Mji wa kunipenda

Tangu niliposhuka stesheni, Madurai ilinipenda. Sijui niseme vipi. Dereva wa teksi ya magurudumu matatu alinikaribisha bila kuvutana bei, akanipeleka hoteli iliyo jirani na hekalu, na tangu hapo kila nilipotoka nje nilimkuta ananingoja. Mtu wa mapokezi alinijua jina kabla sijaandika. Kila jioni nikirudi nilikuta shada la yasmini limetundikwa kwenye kitasa cha mlango wangu, ile yasmini ya Madurai ambayo harufu yake inakufuata hadi bafuni.

Na Murugan alikuwa hachoki kunizungusha. Alisema mstaafu hana kazi. Tulikula dosai, chapati zao za unga wa mchele, zenye nyama ya mbuzi juu na yai chini, na mimi, mtu wa chapati, nikawaeleza wapishi makosa yao huku nikiagiza nyingine. Tulikunywa jigarthanda, kinywaji cha maziwa baridi chenye aiskrimu na utomvu laini wa mti unaoteleza kooni kabla hujaamua kama unaupenda. Nilipenda cha tatu.

Nilivimba kichwa. Jioni nilimpigia Mwende simu nikamwambia kusafiri ni kipaji, wengine wanacho na wengine hawana. Nikamwambia wageni wengi hulalamika India inawachosha kwa sababu hawajui kuishi na watu.

"Wow, Dad," akasema. "Na Paatti?"

"Hawajanitafuta," nikamwambia.

Nikasikia anavuta pumzi. "Umebakisha siku chache," akasema kwa Kiswahili, akakata.

Hekaluni

Hekalu lenyewe sitaweza kulieleza vizuri. Minara yake imepanda juu na imejaa sanamu za rangi kutoka chini hadi kileleni, miungu na wanyama na walinzi, wamebanana kama watu kwenye picha ya harusi. Mitaa inalizunguka kwa miraba, mmoja nje ya mwingine, na kila mtu akiniambia "nenda moja kwa moja" nilijikuta nimerudi nilipoanzia.

Suruali yangu ilikuwa imeanza kunuka safari, kwa hivyo nilinunua veshti, kile kitambaa cheupe ambacho wanaume wa huko hujifunga kiunoni. Murugan alitaka kunifunga, nikakataa. Nilimwambia nimewahi kwenda Mombasa, kikoi nakijua. Tulivua viatu, tukaacha simu, tukaingia kwenye ukumbi wa nguzo za mawe, na mbele ya kundi la akina mama waliovaa hariri kitambaa kikashuka chenyewe. Nilikuwa na koti la Birmingham, ashukuriwe Mungu, nalo lilinifika mapajani. Akina mama waligeukia nguzo wakaanza kuzichunguza kwa makini. Murugan alivua mkanda wake akanipa. Tangu siku hiyo nikarudi kwenye suruali.

Sehemu ya ndani kabisa haifunguliwi kwa mtu asiye wa dini yao, nami sikulalamika. Tulikaa kwenye ngazi za bwawa la hekalu na Murugan akanisimulia habari za mji. Mungu wa kike wa pale, Meenakshi, anaolewa kila mwaka, na mji mzima huhudhuria. Kaka yake anaishi nje, milimani. Yeye ndiye wa kumtoa bibi arusi, kwa hivyo kila mwaka hufunga safari kuja. Kila mwaka huchelewa. Akifika mtoni anaambiwa harusi imeshafanyika bila yeye, anakasirika, haingii mjini, anageuza farasi na kurudi milimani.

"Kila mwaka?" nikauliza.

"Kila mwaka."

"Huyo ni mtu mwenye msimamo," nikasema. "Wangemngoja."

Murugan alitoa miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji. Mimi nikaendelea kuangalia maji. Nilijua sana alichokuwa akiniambia, ila nilijifanya najifunza historia.

Jani

Mchana wa siku iliyotangulia ya mwisho Murugan alinipeleka mahali pa kula chakula cha kwenye jani la mgomba. Ni chumba kirefu chenye meza nyembamba, watu wote wametazama upande mmoja, na mhudumu mzee anapita na ndoo akigawa wali, mboga za kila aina, na kachumbari za kuunguza ulimi. Huko ukimaliza kitu kinajazwa tena. Mimi nimelelewa kumaliza nilichopewa. Mnaweza kujifanyia hesabu wenyewe.

Niliposhindwa kupumua ndipo mhudumu akamwaga rasam juu ya wali wangu. Rasam ni mchuzi mwepesi wa ukwaju na pilipili, na jani la mgomba halina ukingo. Mchuzi ukatafuta njia. Nikauona unakuja kwenye ukingo wa meza, unaelekea suruali yangu moja, na mimi nikafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye suruali moja angefanya. Nikashika upande wangu wa jani nikalikunja kwenda mbele, mbali nami, haraka.

Mhudumu akaweka ndoo chini. Wanaume wawili waliokuwa wakila karibu waliacha mikono hewani. Murugan aliacha kutafuna, na rangi ya uso wake ikabadilika.

Mimi nilidhani wamevutiwa na wepesi wangu. Nikawapa tabasamu.

Murugan akainuka, akatoka nje na simu. Niliporudi kutoka kunawa nilimkuta barabarani, haniangalii. Dereva wangu wa kila siku alituendesha kimya. Mtu wa mapokezi alinipa ufunguo bila salamu, na mlangoni hapakuwa na yasmini.

Na rasam iliipata suruali hata hivyo, pale gotini. Niliifua kwa sabuni ya hoteli, nikaitundika dirishani, nikajifunga veshti kwa mkanda wa Murugan, nikaketi kitandani. Mji uliokuwa umenipenda ulikuwa umeninunia na sikujua sababu. Kesho yake nilikuwa naondoka, wakwe hawajaja, na nilikuwa na kazi ya kumwambia Mwende.

Chumba cha hoteli

Mlango ukagongwa. Nilifungua nikiwa na veshti na koti, maana shati nalo lilikuwa linakauka.

Aliyesimama mlangoni alikuwa mama mzee mfupi, sari ya kijani, hereni za dhahabu zilizovuta masikio yake chini. Alikuwa ameshika mkono wa Murugan na anahema kwa nguvu, kwa sababu lifti ya hoteli ile haikuwa ikifanya kazi siku hiyo. Nyuma yao mtu wa mapokezi alibeba kiti. Kiti kikawekwa katikati ya chumba na mama akaketi, akaniangalia kutoka manyoya ya shingoni hadi vidole vya miguu.

"Huyu ni Paatti," Murugan akasema. "Ni mama yangu. Mimi ndiye mjomba wa Karthik."

Nilitafuta mahali pa kukaa nikakosa, nikakaa kwenye kitanda.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema wewe ni mtalii. Mwende alituomba tuiheshimu mila yako, tusikukaribie mpaka utakapotaka. Lakini hatukuweza kukuacha upotee mitaani, baba yake Mwende."

Basi ndio hivyo. Tiketi za treni zilikatwa na Mwende, zote mbili, na ile shughuli ya Murugan kule Chennai nilikuwa mimi. Dereva alikuwa jirani yao, na mtu wa mapokezi alishaambiwa mimi ni nani. Yasmini ilitoka kwa Paatti, aliisuka mwenyewe kila siku. Kipaji changu chote cha kusafiri kilikuwa familia moja inayonishika mkono bila kunigusa. Kisha nikakumbuka niliyosema kwenye treni, ile habari ya shingo ngumu, na masikio yangu yakawaka moto.

Hata hivyo, sitawaficha, sehemu fulani ya kichwa changu ilikuwa inapiga makofi. Wamekuja! Wamenifuata! Nikajipa adabu, nikawasha birika la chumbani nikamtengenezea Paatti chai. Kikombe kilikaa mbele yake bila kuguswa.

"Hatanywa," Murugan akasema. "Bado hatujakubaliana. Kwetu watu wa mvulana hawalowanishi mikono kwa kina msichana kabla ya jambo kukubaliwa."

Hilo nililielewa mara moja. Hata kwetu mgeni wa posa hali kabla hajasema kilichomleta. Ilinishangaza kidogo kukuta hapo jambo ninalolijua.

Paatti akasema kwa Kitamil, sauti imekauka, na Murugan akafasiri huku akiangalia sakafu.

"Anauliza tumekukosea nini."

"Kunikosea? Hamjanikosea chochote!"

"Ulikunja jani kwenda mbele." Murugan alikunja viganja vyake kunionyesha. "Aliyeshiba kwa furaha hulikunja kuja kwake. Kulikunja kwenda mbele ni kwa matanga. Ni kusema jambo hili lisirudi tena. Na wewe ni baba wa msichana, mbele ya watu wote wanaojua wewe ni nani. Mama aliambiwa kabla hujanawa mikono."

Nikainuka, nikaenda dirishani, nikaitwaa suruali yangu, bado inadondosha maji, nikamwonyesha Paatti doa la gotini. Nikaonyesha meza. Nikaonyesha mchuzi unakuja. Nikaonyesha mikono yangu ikikunja.

Paatti aliitazama suruali. Aliponielewa alicheka hadi mabega yakatikisika, hadi akajipangusa macho kwa pindo la sari, na Murugan akacheka, na mtu wa mapokezi, ambaye sijui kwa nini alikuwa bado yupo, akalazimika kushika ukuta.

Kisha Paatti akaacha kucheka. Akauliza, kama jani lilikuwa ajali, hoteli je? Hoteli nayo ni ajali?

Nikapata nafasi ya kujieleza. Nikaketi wima, kadiri mtu anavyoweza ndani ya veshti. Nikamweleza mila yetu, kwamba anayetoa mtoto ndiye anayefuatwa. Anayebaki na nyumba tupu ndiye anayeombwa. Wengine wanapata mtu, yeye anapunguziwa mtu, kwa hivyo wamfuate alipo. Nilisema vizuri. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi kwa miaka, nikingoja watu wa kuwaambia.

Paatti alisikiliza yote. Akauliza watoto hawa wakioana wataishi wapi.

"Birmingham," nikasema.

Ni mbali na nyumba yako?

"Si mbali. Basi moja."

Na Jumapili watakuja kula kwako?

"Natumaini."

Akamgeukia Murugan akasema maneno machache, bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu. Murugan akafasiri.

"Anasema mtoto aliyemlea amevuka bahari, na akioa huko harudi. Wewe wako utamwona kila Jumapili. Anauliza, kati yenu wawili, ni nani anayetoa mtoto?"

Ndugu zangu, tangu Mwende aniambie habari za uchumba nilikuwa nikijiona mimi ndiye ninayeachwa. Nilikuwa nikipika chakula cha watu wawili nikihesabu kila sahani ni ya mwisho. Nikaivaa mila kama ngao, kumbe nilichokuwa nacho ni woga wa kubaki peke yangu jikoni. Na hapa ameketi mwanamke ambaye jambo hilo lilishamfika zamani, amepanda ngazi zote zile na magoti yaliyokataa, kuniuliza mimi amenikosea nini. Niliona aibu ya kweli, si ile ya veshti.

"Mwambie arudi nyumbani," nikamwambia Murugan.

Akashtuka. "Unamfukuza mama?"

"Hapana. Nataka awe kwake nitakapofika."

Mtaa wa Paatti

Suruali ilikuwa bado inadondosha, kwa hivyo nilikwenda na veshti, mkanda wa Murugan, na koti. Dereva alikuwa chini. Aliniangalia, akaelewa, akasimama sokoni bila kuulizwa akanichagulia nazi, ndizi, majani ya tambuu na maua, akavipanga kwenye sinia ya chuma aliyoazima kwa mwenye duka. Nilitaka kumwuliza kama vinatosha. Aligeuza tu sinia ili nazi zitazame mbele.

Kwa Paatti ni mtaa mwembamba wenye nyumba zilizogusana, mlangoni kila nyumba imechorwa maua kwa unga mweupe. Dereva alipiga honi njia nzima, hata pasipokuwa na mtu wa kumpisha, na watu wakaanza kutoka. Walitoka akina mama na vijiko vya jikoni, wazee na magazeti, na wale wanaume wawili wa kule kwenye majani. Wote walitaka kuona yule aliyekunja vibaya.

Nikashuka. Sinia ilikuwa nzito na jasho lilikuwa likinitiririka chini ya manyoya. Miaka yote nimejua maneno ya kuwajibu watu watakapokuja kwangu. Ya kusema mimi nikifika kwa mtu sikuwahi kujifunza, wala baba yangu hakunifundisha, maana mtu mwenye binti hayahitaji.

Mlango ulikuwa umefungwa. Nikasimama mbele ya maua ya unga, nikiangalia nisiyakanyage, nikapiga hodi kwa sauti kama niko Machakos.

Ndani Paatti akauliza jambo kwa sauti kubwa iliyofika hadi kwa majirani, na Murugan akatoa kichwa dirishani, amebana midomo.

"Anauliza ni nani, na ametaka nini."

"Mwambie ni baba yake Mwende, kutoka Birmingham," nikasema. "Nimekuja kuomba mtoto wenu."